Supu, Bendera na Daftari la Michango: Kuzielewa Shughuli za Vyama vya Wahaiti Ughaibuni

Tarehe 1 Januari, wakati wakazi wengi wa Montreal, Boston na New York bado wamelala baada ya mkesha wa mwaka mpya, katika majiko ya makanisa na vituo vya jamii vya Wahaiti masufuria makubwa huwa yameinjikwa tangu usiku. Ndani yake huchemka supu ya boga, inayoitwa soup joumou, na kabla ya adhuhuri watu huanza kuingia na watoto wao, wengine wakiwa na vyombo vya kumbebea supu mzee au mgonjwa aliyeshindwa kutoka nyumbani. Mpita njia ataona karamu. Akirudi mwezi Mei ataona gwaride la bendera, majira ya joto ataona tamasha la kompa, muziki wa dansi wa Haiti, mwezi Oktoba usiku wa hadithi, na kuelekea mwisho wa mwaka hafla ya kuchangisha fedha yenye tiketi za bei ghali. Ni rahisi basi aondoke akiamini kwamba vyama hivi, ambavyo katiba zake zinazungumzia elimu, afya na msaada kwa wahamiaji wapya, vimejigeuza vyama vya sherehe.

Wapo hata Wahaiti wanaolalamika hivyo, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo naamini kwamba wanaoyatoa wanaitazama sherehe kama pambo lililowekwa juu ya kazi, ilhali kwa jamii hii sherehe ndiyo njia ambayo kazi yenyewe hufanyika: ndiyo inayojenga uaminifu kati ya watu wasiojuana, ndiyo inayokusanya fedha, na ndiyo inayoonyesha mbele ya wenye mamlaka kwamba jamii hii ipo na ina idadi. Kulielewa hilo kunadai kwanza kujua ni akina nani waliovianzisha vyama hivi, kisha kuisoma kalenda yao kwa makini, kwa sababu karibu kila tarehe ndani yake imebeba jambo zito.

Wahaiti walianza kuihama nchi yao kwa wingi baada ya François Duvalier kushika madaraka mwaka 1957. Waliotangulia walikuwa madaktari, walimu, wahandisi na wanasheria, watu ambao utawala ule uliwatilia shaka kwa sababu ya elimu yao. Wengi walikwenda New York. Wengine walikwenda Quebec, ambako katika miaka ya 1960 shule na hospitali zilikuwa zikipanuliwa kwa kasi na wataalamu wanaozungumza Kifaransa walihitajika. Na mamia yao walikwenda Kongo, iliyopata uhuru mwaka 1960 ikiwa karibu haina walimu na madaktari wake yenyewe. Ndiyo sababu Raoul Peck, mwongozaji filamu mashuhuri wa Haiti, alilelewa Kinshasa enzi ambapo mji huo uliitwa Léopoldville. Kisha, katika miaka ya 1970 na 1980, wakafuata watu wa tabaka jingine kabisa, wakulima na vibarua waliovuka bahari kwa mashua hadi Florida, ambako wengi walipokelewa kwa kuwekwa vizuizini. Leo Marekani peke yake ina watu zaidi ya milioni moja wenye asili ya Haiti, na jamii nyingine kubwa zipo Jamhuri ya Dominika, Kanada, Ufaransa, Bahama na Chile. Tofauti hii kati ya aliyefika kwa ndege akiwa na shahada na aliyefika kwa mashua akiwa na nguo alizovaa haijafutika, nayo tutakutana nayo tena.

Neno chama lenyewe linaficha mambo mengi, kwani kuna vyama vya watu waliotoka mji au kijiji kimoja, ambavyo huwa vidogo, havina ofisi, na hukutana sebuleni kwa mwanachama. Kuna vituo vya huduma vyenye wafanyakazi wa kulipwa, kama Maison d'Haïti iliyoanzishwa Montreal mwaka 1972, au Sant La ya Miami iliyoanza mwaka 2000, ambavyo hupokea wahamiaji, husaidia kujaza fomu na huendesha masomo. Kuna vyama vya taaluma, ambavyo maarufu zaidi ni kile cha madaktari wa Kihaiti walio nje, AMHE, nacho cha mwaka 1972. Kuna vyama vya wanafunzi na vya makanisa. Bango la sherehe mara nyingi hubeba majina manne au matano kwa pamoja, na hapo ndipo msomaji hupotea, kwa kuwa kila kimoja kina lengo lake katika hafla ileile: chama cha mji kinataka paa la shule huko nyumbani, kituo cha huduma kinataka kuwafikia wageni ambao hawajajiandikisha, na madaktari wanataka meza ya kupima shinikizo la damu karibu na mlango.

Turudi kwenye supu, kwa maana ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kwa mujibu wa simulizi ambayo kila mtoto wa Kihaiti huisikia, watumwa katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, walilima boga hilo, wakalipika na kuliandaa mezani kwa bwana, lakini wenyewe walikatazwa kuonja supu yake. Jean-Jacques Dessalines alipotangaza uhuru mjini Gonaïves tarehe 1 Januari 1804, baada ya vita vilivyolishinda jeshi la Napoleon, supu ile ikaliwa na watu wote, na simulizi humtaja Marie-Claire Heureuse, mke wa Dessalines, kuwa ndiye aliyetaka igawiwe kila mtu. Tangu hapo kuila siku hiyo ni kama kuapa upya. Nyama ya ng'ombe huoshwa kwa ndimu, hulazwa usiku kucha katika viungo vilivyopondwa, kisha huungana na boga, kabichi, karoti, viazi, tambi na pilipili mbuzi nzima ambayo mpishi huilinda isipasuke. Nchi za baridi hazina boga lenyewe kila mahali, kwa hiyo wapishi hutafuta aina nyingine yenye nyama ya manjano, na mabishano juu ya aina ipi inakaribia ladha ya nyumbani ni sehemu ya sikukuu.

Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiandika supu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikiwa ni urithi wa kwanza wa Haiti kuingia humo. Habari hiyo ilifika mwishoni mwa mwaka ambao rais Jovenel Moïse aliuawa nyumbani kwake tarehe 7 Julai, na tarehe 14 Agosti tetemeko la ardhi likaharibu vibaya rasi ya kusini. Anayeshangaa kwa nini watu walishangilia kwa nguvu kiasi kile juu ya chakula aukumbuke mwaka wenyewe ulivyokuwa.

Kwa upande wa kazi za chama, supu hufanya jambo ambalo fomu haziwezi. Mhamiaji aliyefika wiki tatu zilizopita, asiye na karatasi kamili na anayeogopa kila ofisi, haji kwenye kikao cha ushauri wa sheria hata kiwe cha bure. Lakini tarehe 1 Januari hawezi kukosa supu. Akiwa kwenye foleni anaulizwa ametokea wilaya gani, anaishi na nani, mtoto anasoma wapi. Wanawake wa makamo wanaogawa supu, ambao watoto wote huwaita matant kama sisi tunavyowaita akina shangazi na mama wadogo, huondoka siku hiyo wakijua nani ni mgonjwa, nani amefukuzwa nyumba na nani anatafuta kazi. Mkurugenzi wa kituo mwenye busara huwasikiliza wao kabla ya kusoma takwimu zake.

Tarehe ya pili kwa uzito ni 18 Mei, sikukuu ya bendera. Mwaka 1803, katika mkutano wa makamanda uliofanyika mjini Arcahaie, Dessalines inasemekana aliichana bendera ya Ufaransa na kuutupa ule ukanda mweupe wa katikati, na binti aitwaye Catherine Flon akaishona buluu na nyekundu zikawa kitambaa kimoja, ishara ya weusi na machotara walioungana dhidi ya mkoloni. Mwaka 1964 Duvalier aliibadilisha, akaweka nyeusi na nyekundu, na rangi za zamani hazikurudi hadi mwaka 1986, mwanawe Jean-Claude alipokimbia nchi tarehe 7 Februari. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, kuipeperusha buluu na nyekundu kulikuwa pia ni kutamka msimamo. Kijana wa leo anayejifunga bendera kichwani mjini Brooklyn huenda halijui hilo, lakini bibi aliyesimama kando ya barabara analijua, na ndiyo maana machozi yake si ya furaha ya muziki peke yake.

Kwa kuwa siku hiyo si ya mapumziko huko Marekani wala Kanada, gwaride husogezwa hadi Jumapili iliyo karibu. Kulifanikisha kunadai kibali cha halmashauri ya mji, bima, mpango wa polisi wa kufunga barabara na vyoo vya kukodi, na anayeomba haya yote kila mwaka hatimaye anafahamika kwa jina katika ofisi za mji. Wanasiasa huja kwa sababu wanaona kura. Ni mahusiano ya namna hiyo, pamoja na jasho la wanaharakati, yaliyozaa matokeo unayoweza kuyaona kwa macho: sanamu ya Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti, iliyosimamishwa katika mtaa wa Little Haiti wa Miami mwaka 2005, na mtaa wa Flatbush huko Brooklyn uliotambuliwa rasmi kuwa Little Haiti mwaka 2018, mwaka ambao pia sehemu ya barabara ya Rogers ilipewa jina la Dessalines.

Tarehe nyingine nazitaja kwa ufupi. Tarehe 12 Januari ni ibada na mishumaa kwa ajili ya waliokufa katika tetemeko la mwaka 2010, na siku hiyo hakuna muziki wa kuchezwa. Agosti hukumbukwa mkutano wa Bwa Kayiman wa mwaka 1791, mkutano wa watumwa ulioambatana na ibada ya Vodou, dini ya Wahaiti yenye asili ya Afrika, ambao ndio uliowasha moto wa mapinduzi, na tarehe 18 Novemba ni vita vya mwisho dhidi ya Wafaransa, vya Vertières. Mwaka 2025 iliongezeka nyingine, kwa sababu tarehe 17 Aprili ilitimia miaka 200 tangu Ufaransa ilipoitaka Haiti ilipe faranga milioni 150 kama fidia ya mali walizopoteza waliokuwa mabwana wa mashamba, yaani, aliyekuwa mtumwa amlipe bwana wake. Kiasi hicho kilipunguzwa mwaka 1838, lakini mikopo iliyochukuliwa ili kukilipa iliendelea kuibana nchi hadi mwaka 1947. Mihadhara juu ya deni hili si burudani ya wazee, na ni miongoni mwa shughuli ambazo vyama vinafanya vyema kuliko vyuo vingi, kwa kuwa wasikilizaji huuliza maswali kama watu waliodhulumiwa wao wenyewe.

Sasa fedha, jambo linalozua manung'uniko mengi kuliko yote. Lazima kwanza kutenganisha mikondo miwili. Fedha ambazo Wahaiti huwatumia ndugu zao mmoja mmoja ni nyingi mno, karibu moja ya tano ya pato zima la nchi, nazo huenda kwenye chakula, ada na dawa bila kupitia chama chochote. Fedha za chama ni kijito kidogo kando ya mto huo. Chukulia mfano wa chama cha watu wa mji mmoja kinachouza tiketi 200 za dola 100. Zimeingia dola 20,000. Ukumbi, bendi, chakula na ulinzi vinaweza kumeza dola 13,000 au zaidi, na mtu wa hesabu atauliza kwa haki: kwa nini wasichange tu dola 35 kila mmoja na kubaki nyumbani?

Jibu ni kwamba hawatachanga, na si kwa uchoyo. Mtu aliyeikimbia serikali iliyomwibia hampi fedha zake mweka hazina asiyemjua. Humpa yule aliyemwona kwa macho miaka mitatu mfululizo akipanga viti, akisoma hesabu ya mwaka uliopita mbele ya watu, na akionyesha picha za ukuta uliojengwa. Hafla ni mkutano mkuu wa wanachama uliovishwa nguo za sherehe. Aidha, kijitabu kinachogawiwa siku hiyo huuza nafasi za matangazo kwa wakili wa uhamiaji, nyumba ya mazishi, duka la mikate na wasafirishaji wa mizigo, na mara nyingi ni kurasa hizo, kuliko tiketi, zinazoleta fedha zisizo na gharama.

Mizizi ya desturi hii iko shambani. Wakulima wa Haiti wana konbit, ambapo majirani hukusanyika kwa ngoma na nyimbo kulima shamba la mmoja wao, naye huwalisha, na kesho ni zamu ya mwingine; Mpare atautambua mara moja msaragambo wake. Wana pia sòl, ambapo kila mmoja hutoa kiasi kilekile kila wiki au mwezi na jumla huchukuliwa kwa zamu, kitu ambacho sisi tunakiita upatu au kibati. Methali yao isemayo «Men anpil, chay pa lou», mikono ikiwa mingi mzigo si mzito, husikika katika karibu kila hotuba ya ufunguzi. Katika konbit hakuna anayetenganisha kazi na ngoma na chakula, na mtu anayetaka chama cha Wahaiti kifanye kazi bila karamu anakitaka kiwe kitu ambacho waanzilishi wake hawajapata kukiona.

Hilo haliondoi kasoro. Waliochanga ughaibuni hupenda jengo linaloweza kupigwa picha na kubandikwa kibao cha majina, wakati mwalimu aliyebaki kijijini angependa mshahara wa uhakika wa miezi kumi. Nadhani vyama vingi vimechelewa kulikubali hili. Zahanati bila muuguzi ni ukuta tu, na hafla inayofuata huwa ngumu zaidi kuuzia tiketi.

Serikali za Haiti nazo zimekuwa na uhusiano wa mashaka na watu wake wa nje. Mwaka 1991 Rais Jean-Bertrand Aristide aliwaita «Wilaya ya Kumi», kwa kuwa nchi wakati huo ilikuwa na wilaya kubwa tisa, na jina hilo liliwagusa sana. Mwaka 2003 wilaya ya Nippes ilipoundwa ikawa ya kumi, waliokuwa nje wakabaki kuitwa wa kumi na moja. Wizara ya Wahaiti waishio ng'ambo ipo tangu miaka ya 1990. Hata hivyo katiba ya mwaka 1987 ilikataza uraia wa nchi mbili, na marekebisho yaliyolegeza katazo hilo yalianza kutumika mwaka 2012 tu. Kwa robo karne, mtu aliyejenga shule ya kijiji chake kwa michango ya supu na muziki alihesabiwa mgeni katika kijiji hichohicho.

Nguvu ya shughuli hizi ilionekana vizuri kuliko siku zote tarehe 20 Aprili 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mamlaka za afya za Marekani ziliwaweka Wahaiti katika orodha ya makundi yenye hatari ya UKIMWI, kwa utaifa wao tu. Jina lao liliondolewa mwaka 1985, lakini Februari 1990 mamlaka ya dawa ikapendekeza Wahaiti wote wasiruhusiwe kuchangia damu. Watu walifukuzwa kazi na watoto walizomewa shuleni kwa ajili ya aibu hiyo. Siku ile makumi ya maelfu ya Wahaiti walivuka kwa miguu daraja la Brooklyn kuingia Manhattan, wakiwa wengi kiasi kwamba katikati ya jiji palisimama. Kabla mwaka haujaisha sera ile ilifutwa. Umati wa namna ile hauitishwi kwa tangazo moja. Uliitwa na mapadri na wachungaji, na vipindi vya redio vya Kikrioli, na vyama vya miji vyenye orodha za simu zilizokusanywa katika dansi na maziko ya miaka mingi. Madaktari wa Kihaiti walitoa hoja za kitabibu. Vyama vya dansi vilitoa watu.

Ugomvi upo, na ni haki kuutaja. Wapo wanaotaka hotuba ziwe kwa Kifaransa kwa heshima, na wapo wanaosema kwamba Kikrioli, lugha ya kila Mhaiti na lugha rasmi tangu 1987, ndicho chenye heshima hiyo. Nyuma ya ubishi huo kuna ile tofauti ya ndege na mashua. Wachungaji wengi wa Kiprotestanti hawataki kusikia ngoma za Vodou kwenye jukwaa la sikukuu ya taifa, na wasanii hujibu kwamba bila Vodou hakuna Bwa Kayiman, na bila Bwa Kayiman hakuna taifa la kusherehekea. Mimi nakubaliana na wasanii, ingawa naelewa kwamba mwenyekiti anayehitaji ukumbi wa kanisa hana uhuru wa kusema hivyo.

Katika miaka ya karibuni hofu imeingia. Magenge yameiteka sehemu kubwa ya mji mkuu, Port-au-Prince, na tangu Novemba 2024, ndege zilipopigwa risasi, mashirika ya Marekani hayatui huko. Anayepeleka vifaa hulazimika kupitia Cap-Haïtien, kaskazini. Msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu habari hii kwa upande wa polisi wa Kenya waliotua Haiti Juni 2024 wakiongoza kikosi kilichoidhinishwa na Umoja wa Mataifa. Katika kumbi za ughaibuni ujio wao ulijadiliwa kwa moto, wengine wakiona ndugu Waafrika wamekuja kusaidia, wengine wakikumbuka kwamba majeshi ya kigeni hayajapata kuiachia Haiti kheri. Chama kinachoandaa mjadala wa aina hiyo huchukua hatari ya kuwagawa wachangiaji wake, nacho kikikwepa huonekana hakina la kusema.

Limebaki suala la watoto, ambalo kwa wazazi wengi ndilo lenye uzito kuliko yote. Tarehe 28 Oktoba ni siku ya kimataifa ya lugha za Kikrioli, na mwezi huo vyama huandaa jioni za hadithi. Msimulizi huanza kwa kuuliza «Krik?» na ukumbi hujibu «Krak!», kama vile bibi zetu walivyosema paukwa nasi tukaitikia pakawa. Vitendawili vina mwito wake: «Tim tim?» na jibu ni «Bwa chèch!», pale ambapo sisi tungesema tega. Mtoto aliyezaliwa Montreal, anayezungumza Kifaransa na Kiingereza shuleni na anayeona haya kutamka neno la Kikrioli mbele ya bibi yake, huulizwa: maji yaliyolala? Tikiti maji. Maji yaliyoning'inia? Nazi. Maji yaliyosimama? Hapo watoto hunyamaza, kwa kuwa penye theluji hakioti kitu kama hicho, mpaka mzee mmoja wa nyuma anapojibu polepole: kann, muwa.